Bodi, wakala, tume au mkaguzi: raia wasimamie polisi wa jiji kwa chombo gani?

Nchini Marekani hakuna Inspekta Jenerali mmoja wa Polisi ambaye askari wote wa nchi wanawajibika kwake. Kuna takribani vyombo 18,000 vya polisi, na vingi vyao ni idara za miji: kila jiji lina mkuu wake wa polisi, bajeti yake, kanuni zake za nidhamu na mkataba wake na chama cha askari. Kwa hiyo swali la nani awachunguze askari wanapomdhulumu raia halijibiwi na bunge la taifa. Linajibiwa jiji kwa jiji, ama na madiwani kwa sheria ndogo, ama na wapiga kura wenyewe wanapoletewa pendekezo la kubadili katiba ya jiji lao. Msomaji wa Kiswahili anayeishi huko na aliyekwisha kupata haki ya kupiga kura anaweza kukutana na pendekezo la aina hiyo wakati wowote, nalo karibu kila mara limejaa maneno yaleyale ya uhuru, uraia na uwajibikaji. Vyombo vinavyozaliwa na maneno hayo, hata hivyo, vinatofautiana sana, na tofauti hizo ndizo zinazoamua kama chombo kitakuwa na meno au kitakuwa kibogoyo.

Nimechagua majiji ambayo mifumo yao imekaa muda wa kutosha kuonyesha inapofaulu na inapokwama: New York, Chicago, Los Angeles na Oakland, na kwa ufupi Denver na San Jose. Katika kila jiji nimeuliza mambo matatu. Je, chombo hicho kinapata mafaili, picha za kamera na maelezo ya askari kwa haki yake, au kinaomba na kusubiri? Je, bajeti yake imewekewa kiwango cha chini kisheria, au meya aliyekasirika anaweza kuikata mwaka ujao? Na uchunguzi ukishakamilika, ni nani mwenye neno la mwisho kuhusu adhabu ya askari? Kwa maoni yangu swali hilo la tatu ndilo zito kuliko yote, ingawa kwenye kampeni hutajwa kwa nadra, pengine kwa sababu jibu lake aghalabu huwavunja moyo hata wapiga debe wa pendekezo lenyewe.

New York: wachunguzi wengi, neno la mwisho kwa kamishna

Bodi ya New York, inayojulikana kwa kifupi cha CCRB, ni miongoni mwa kongwe nchini humo na ndiyo kubwa kuliko zote. Ilianza mwaka 1953 ikiwa kamati ya maafisa wa polisi wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 1966 meya John Lindsay aliingiza raia ndani yake; chama cha askari kikapeleka suala hilo kwenye kura ya maoni Novemba mwaka huohuo, na wananchi wakapiga kura ya kuwaondoa raia hao. Septemba 1992 maelfu ya askari waliandamana hadi ofisi za jiji kupinga jaribio la pili, lakini safari hiyo meya David Dinkins alishinda, na tangu 1993 bodi imekuwa nje ya idara ya polisi, ikiwa na wachunguzi wake wa kiraia.

Wajumbe wake ni 15. Watano huteuliwa na meya, watano na baraza la jiji, mmoja na mtetezi wa umma wa jiji, watatu na kamishna wa polisi, na mwenyekiti huteuliwa kwa pamoja na meya na spika wa baraza. Bodi hupokea malalamiko ya matumizi ya nguvu kupita kiasi, matumizi mabaya ya madaraka, ufidhuli na lugha ya matusi, na katika miaka ya karibuni imeongezewa uwezo wa kuchunguza ubaguzi katika utendaji wa askari. Rushwa si kazi yake. Kuhusu fedha, kura ya maoni ya mwaka 2019 iliweka kwamba idadi ya watumishi wa bodi isipungue asilimia 0.65 ya idadi ya askari wa jiji, ambayo kwa askari 35,000 ni watumishi wapatao 228, isipokuwa meya akieleza kwa maandishi kwamba hali ya fedha hairuhusu. Hiyo ni kinga ya kweli, ingawa ina mlango wa nyuma.

Njia ya lalamiko moja ndiyo inayofunua udhaifu wa mfumo. Mchunguzi hukusanya maelezo na picha, kisha jopo la wajumbe watatu huamua kama lalamiko limethibitika. Likiwa zito, mwanasheria wa bodi humshtaki askari katika kesi ya kinidhamu inayosikilizwa makao makuu ya polisi, mbele ya afisa ambaye ni mwajiriwa wa idara hiyohiyo ya polisi. Afisa huyo hutoa pendekezo, na kamishna wa polisi huamua. Anaweza kulikubali, kulipunguza au kulitupa. Tangu 2019 analazimika kueleza sababu kwa maandishi anapokwenda kinyume, lakini kulazimika kueleza si sawa na kulazimika kutii. Zaidi ya hayo, makubaliano ya mwaka 2012 yaliyowapa wanasheria wa bodi kazi ya kuendesha mashtaka yalimwachia kamishna uwezo wa kuichukua kesi mikononi mwao kabla haijasikilizwa.

Kesi ya Eric Garner inaonyesha njia hiyo inavyochukua muda mrefu. Garner alifariki Julai 17, 2014 huko Staten Island baada ya askari Daniel Pantaleo kumkaba shingo, kitendo ambacho kanuni za polisi wa New York zilikuwa zimekipiga marufuku tangu 1993. Desemba 2014 baraza la wazee wa mahakama lilikataa kumfungulia askari huyo mashtaka ya jinai. Serikali kuu nayo iliendelea kutafakari hadi Julai 2019, ikaamua kutoshtaki. Kesi ya kinidhamu iliyoendeshwa na wanasheria wa CCRB ilisikilizwa Mei na Juni 2019, pendekezo la kumfukuza likatoka mwanzoni mwa Agosti, na kamishna James O'Neill akatia saini Agosti 19. Miaka mitano na zaidi ilipita, katika tukio lililorekodiwa kwa simu na kutazamwa dunia nzima. Sheria ya jimbo hutaka mashtaka ya kinidhamu yafunguliwe ndani ya miezi 18 tangu tukio, isipokuwa kosa lenyewe ni la jinai, kwa hiyo lalamiko la mtu asiye na video maarufu hukimbizana na kalenda tangu siku ya kwanza, na idara inayochelewesha picha za kamera inakuwa, kwa kutaka au kwa kutotaka, imeshika mkono wa saa.

Anayetaka chombo chenye uwezo wa kuchunguza maelfu ya malalamiko kwa mwaka hatapata mfano mkubwa kuliko huu. Anayetaka chombo kinachoadhibu, huku siko.

Chicago: somo lililolipiwa kwa gharama kubwa

Oktoba 20, 2014 askari Jason Van Dyke alimpiga kijana Laquan McDonald, mwenye umri wa miaka 17, risasi 16. Taarifa za askari waliokuwepo zilidai kwamba kijana aliwaelekea kwa kisu. Picha za kamera ya gari la polisi, zilizotolewa Novemba 24, 2015 kwa amri ya mahakama, zilimwonyesha akitembea kujitenga nao. Kabla ya hapo jiji lilikuwa limekwisha kuilipa familia dola milioni 5 bila wananchi kuiona video. Oktoba 2018 Van Dyke alitiwa hatiani kwa mauaji ya daraja la pili na kwa makosa 16 ya shambulio, moja kwa kila risasi.

Wakati wa tukio hilo Chicago ilikuwa na chombo cha kiraia kilichoundwa 2007, IPRA (Mamlaka Huru ya Mapitio ya Polisi), ambacho jina lake lilitangaza uhuru waziwazi. Hicho ndicho kilichovunjwa, na mahali pake pakawekwa COPA (Ofisi ya Kiraia ya Uwajibikaji wa Polisi), kilichoanza kazi Septemba 2017. Ukisoma sheria ndogo yake unaona kwamba walioiandika walikuwa na orodha ya majeraha mbele yao. Bajeti ilikuwa inategemea hisani, wakaweka kwamba isiwe chini ya asilimia 1 ya bajeti ya polisi. Video ilikuwa imefichwa zaidi ya mwaka, na sera ya jiji sasa inataka picha za matukio mazito zitolewe ndani ya siku 60, pakiwa na nafasi finyu ya kuongeza muda. COPA haingoji lalamiko: askari akifyatua risasi au mtu akifia mahabusu, wachunguzi wake huenda eneo la tukio.

Lakini kipengele ninachokithamini zaidi ni kile kinachohusu kutokubaliana. COPA ikipendekeza adhabu, mkuu wa polisi ana siku 60 za kujibu. Akikataa, suala huenda kwa mjumbe mmoja wa Bodi ya Polisi, ambayo ni chombo kingine cha raia chenye wajumbe tisa, na mzigo wa kuthibitisha huwa juu ya mkuu wa polisi: yeye ndiye anayetakiwa kuonyesha kwa nini pendekezo la raia lisifuatwe. Huko New York kamishna huandika barua ya kueleza. Huku mkuu wa polisi hujitetea mbele ya mtu anayeweza kumwambia kwamba hajashawishika. Kesi za kufukuzwa kazi nazo husikilizwa na Bodi ya Polisi hadharani. Vyama vya askari vilitambua uzito wa jambo hili, na baada ya mvutano wa mwaka 2023 na 2024 kati ya chama kikubwa cha askari na baraza la jiji, mahakama iliamua mwaka 2024 kwamba askari wanaweza kuchagua kesi zao nzito ziende kwa msuluhishi badala ya bodi, ingawa wakati huo ilitaka usikilizaji ubaki wa wazi.

Mwaka 2021 Chicago iliongeza ghorofa nyingine. Iliunda tume ya wajumbe saba ya usalama wa jamii yenye uwezo wa kumwajiri na kumwondoa mkuu wa COPA, kupitisha sera za idara, na kumpelekea meya majina ya watu wanaofaa kuwa mkuu wa polisi. Ndivyo alivyopatikana Larry Snelling mwaka 2023. Chini ya tume hiyo kuna mabaraza ya wilaya 22 za polisi, kila moja likiwa na watu watatu waliochaguliwa kwa kura kwa mara ya kwanza Februari 2023. Juu ya hayo yote kuna mkaguzi mkuu wa jiji mwenye kitengo cha usalama wa umma, kitengo cha mambo ya ndani cha polisi wenyewe kinachobaki na malalamiko yasiyo ya COPA, na msimamizi aliyeteuliwa na mahakama ya shirikisho kufuatilia makubaliano ya mageuzi yaliyoanza 2019. Mkazi aliyetukanwa na askari barabarani anahitaji kwanza kujua mlango upi ni wake. Huu ndio upungufu wa Chicago: kila kashfa imezaa ofisi mpya, na ni nadra ofisi ya zamani kufungwa.

Los Angeles: raia juu kabisa, adhabu chini

Kwa karatasi, Los Angeles imewapa raia cheo kikubwa kuliko majiji yote niliyoyataja. Idara yake ya polisi inaongozwa na bodi ya makamishna watano wa kiraia wanaoteuliwa na meya na kuthibitishwa na baraza, ambao hukutana hadharani, huweka sera na huamua kama kila matumizi ya nguvu ya kuua yalifuata kanuni. Baada ya askari kumpiga raia Rodney King, Machi 1991, tume iliyoongozwa na Warren Christopher ilipendekeza ofisi ya mkaguzi mkuu chini ya bodi hiyo, nayo ilianzishwa katikati ya miaka ya 1990. Mkaguzi huyo anaona mafaili ya nidhamu, huenda kwenye matukio ya risasi na humwandikia bodi ripoti yake mwenyewe sambamba na ya mkuu wa polisi.

Kasoro imejificha mahali pamoja. Bodi inaweza kutamka kwamba askari alikiuka kanuni, lakini adhabu ni ya mkuu wa polisi. Juni 2015 bodi ilitofautiana na mkuu wa wakati huo, Charlie Beck, katika kifo cha Ezell Ford, ikaona kwamba askari mmoja alikosea kufyatua risasi. Uamuzi huo haukumfukuzisha mtu kazi. Na askari anapokabiliwa na kufukuzwa, kesi yake husikilizwa na baraza la watu watatu ambalo kwa miaka mingi lilikuwa na maafisa wawili na raia mmoja. Mwaka 2017 wapiga kura walifungua njia ya baraza la raia watupu, na chama cha askari ndicho kilichounga mkono mabadiliko hayo kwa nguvu zote. Ukishangaa kwa nini, jibu limo katika uchambuzi wa maamuzi ya mabaraza hayo: raia waliokaa kwenye mabaraza hayo walikuwa na huruma kwa askari kuliko maafisa wenzao. Nalitaja jambo hili kwa sababu wengi wetu huamini kwamba kumweka raia mezani kunatosha. Raia gani, aliyechaguliwa na nani kutoka orodha ipi, ni swali linalotakiwa kuulizwa kabla ya kura, si baada yake.

Oakland: tume yenye rungu

Oakland ni jiji dogo kwa haya mengine, na historia yake ya polisi ni chungu. Mwaka 2000 kundi la askari waliojiita Riders lilituhumiwa kuwapiga watu na kuwabambikia ushahidi. Mwaka 2003 jiji liliingia makubaliano mahakamani na walalamikaji 119, likalipa dola milioni 10.9, na usimamizi wa mahakama ya shirikisho ukaendelea kwa zaidi ya miongo miwili. Novemba 2016 wapiga kura, kwa asilimia 83, walipitisha pendekezo lililounda tume ya polisi yenye wajumbe saba na wawili wa akiba, pamoja na wakala wa uchunguzi chini yake wenye angalau mchunguzi mmoja kwa kila askari 100.

Wajumbe wanne kati ya saba hawatoki kwa meya bali kwa jopo la wakazi. Wakala na mkuu wa polisi wasipokubaliana kuhusu kosa au adhabu, kamati ya makamishna watatu wa kiraia huamua, na mkuu wa polisi hufuata. Tume inaweza kumfukuza mkuu wa polisi ikishirikiana na meya, hata bila kutaja kosa, au peke yake kwa kura tano kukiwa na sababu. Februari 2020 ilifanya hivyo kweli: tume na meya Libby Schaaf walimwondoa Anne Kirkpatrick. Alishtaki, na mwaka 2022 jopo la mahakama likaamuru alipwe dola 337,635 kwa kuwa alilipiziwa kisasi baada ya kulalamikia mwenendo wa makamishna. Mwaka 2023, wakati jiji likitafuta mkuu mwingine, makamishna waligawanyika vibaya kiasi kwamba mikutano ilivunjika kwa kukosa akidi.

Wapinzani wa usimamizi wa kiraia hupenda kuitumia Oakland kama ushahidi kwamba raia hawawezi kazi hiyo. Mimi naisoma vingine. Chombo pekee kati ya hivi ambacho uamuzi wake wa nidhamu unamfunga mkuu wa polisi na ambacho kinaweza pia kumwondoa ndicho ambacho watu wanagombania viti vyake, na ugomvi huo ni gharama ya madaraka halisi. Hata hivyo gharama hiyo haina budi kuhesabiwa: makamishna ni watu wa kujitolea, mikutano yao huenda hadi usiku, na jiji linalotaka tume ya namna hii bila kuipa wanasheria wake na makatibu wake linajitafutia aibu.

Denver na San Jose: mkaguzi anayetazama begani

Mfano wa nne hauwachunguzi askari moja kwa moja. San Jose ina mkaguzi huru wa polisi tangu 1993, na Denver ilianzisha ofisi ya msimamizi huru mwaka 2005. Uchunguzi hubaki kwa kitengo cha mambo ya ndani. Mkaguzi husoma faili, huhudhuria mahojiano, hurudisha kazi iliyofanywa kwa ulegevu na kutoa maoni yake kabla adhabu haijaamuliwa. Nguvu yake iko kwenye ripoti. Desemba 2020 msimamizi wa Denver alichapisha matokeo ya uchunguzi wake kuhusu polisi walivyokabiliana na maandamano yaliyofuata kifo cha George Floyd, akaonyesha mapengo katika matumizi ya kamera na katika kumbukumbu za silaha zilizotumika kutawanya watu. Machi 2022 jopo la mahakama ya shirikisho liliamuru waandamanaji walipwe dola milioni 14. Novemba 2021 wapiga kura wa Denver walimwondolea meya uwezo wa kumteua msimamizi huyo, wakaupa bodi ya raia. Ni mabadiliko madogo yaliyoziba tundu kubwa.

Ofisi kama hii ni nafuu na huundwa haraka. Tatizo ni kwamba ikikutana na mkuu wa polisi asiyejali ripoti, haina la kufanya zaidi ya kuandika nyingine.

Msomaji wa Kenya atapimaje?

Anayeifahamu IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi wa Kenya, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, atakuwa amekwisha kuona tofauti moja kubwa. IPOA ni ya nchi nzima kwa sababu polisi ni wa nchi nzima. Nairobi haina polisi wake wa kuanzishiwa bodi. Sheria huwataka polisi waiarifu IPOA mtu anapofariki au kuumizwa vibaya mikononi mwao, na ikishachunguza hupeleka mapendekezo yake kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Njia yake kuu, basi, inaelekea kwenye mahakama ya jinai, na huko ndiko imepata matokeo: mwaka 2019 aliyekuwa mkuu wa kituo cha polisi cha Ruaraka alihukumiwa adhabu ya kifo kwa kifo cha mahabusu cha mwaka 2013. Vyombo vya majiji ya Marekani vinaelekea kwenye nidhamu kazini: barua ya onyo, likizo bila malipo, kufukuzwa. Jinai vinaiachia ofisi ya mwendesha mashtaka. Kwa hiyo takwimu za hukumu haziwezi kuwekwa pembeni kwa pembeni bila kudanganya, na anayeuliza CCRB imefunga askari wangapi gerezani anauliza swali lisilo lake.

Basi uchague kipi?

Kwa jiji lenye askari elfu kadhaa na malalamiko yasiyokwisha, ningechagua wakala wa uchunguzi wa mtindo wa Chicago, wenye asilimia ya bajeti iliyoandikwa kwenye sheria na muda maalumu wa kutoa video, nikaongezea kamati ya Oakland ya kukata mzozo wa adhabu. Nisingechukua ghorofa zote za Chicago. Kwa jiji lenye askari mia kadhaa, msimamizi wa mtindo wa Denver anafaa zaidi, kwa sharti kwamba asiteuliwe na mtu yuleyule anayemteua mkuu wa polisi. Mji wenye askari mia moja au pungufu hauna malalamiko ya kutosha kulisha wachunguzi wa kudumu. Mkaguzi wa mkataba, mwenye haki ya kisheria ya kufungua kila faili, atautosha.

Ukubwa, hata hivyo, si kila kitu. Kuna miji ambayo tatizo lake si askari mmoja mmoja bali sera yenyewe, na hapo bodi ya malalamiko inaweza kufanya kazi kwa bidii miaka yote na isibadilishe kitu. Mwaka 2011 askari wa New York waliwasimamisha watu mara 685,724, wengi wao vijana weusi na wa asili ya Amerika ya Kusini, huku CCRB ikipokea malalamiko moja baada ya jingine; kilichoigeuza hali ilikuwa shinikizo la wananchi na kesi iliyoamuliwa na mahakama ya shirikisho Agosti 2013, na mwaka huohuo baraza la jiji likaona haja ya kuunda ofisi ya mkaguzi mkuu wa polisi inayotazama mwenendo mzima badala ya tukio moja. Kama kilio cha mtaa wako ni kwamba kila mtu anasimamishwa, tafuta tume yenye uwezo juu ya sera. Kama kilio ni kwamba askari walewale wanarudia makosa yaleyale na hakuna anayewagusa, tafuta uwezo juu ya nidhamu.

Halafu soma mkataba wa chama cha askari. Katika miji mingi askari aliyefukuzwa anaweza kwenda kwa msuluhishi, na msuluhishi anaweza kumrudisha kazini na mishahara yake yote, hata kama wakala, tume na mkuu wa polisi wote walikubaliana. Pendekezo lolote lisilotaja usuluhishi limeacha mlango huo wazi, na ni vyema kumuuliza diwani wako hadharani kama jambo hilo litapelekwa kwenye majadiliano ya mkataba ujao.

Mwisho, tazama sheria ya jimbo kabla ya kutumia nguvu kwenye kampeni ya jiji. Wapiga kura wa Nashville waliunda bodi ya kiraia Novemba 2018. Mwaka 2023 bunge la jimbo la Tennessee lilipitisha sheria iliyoivunja na kuruhusu kamati za mapitio zisizo na uwezo wa kufanya uchunguzi wake. Mwaka 2024 Florida ilipiga marufuku vyombo vya miji kupokea na kuchunguza malalamiko dhidi ya askari, ikaacha bodi ambazo wajumbe wake huteuliwa na mkuu wa polisi au sherifu mwenyewe, na chombo cha Miami kilichoundwa na wapiga kura mwaka 2001 kikapoteza kazi yake. Mkazi wa majimbo hayo mawili hana nafasi ya kuchagua kati ya New York na Oakland. Kilichobaki mikononi mwake ni ofisi ya mkaguzi wa hesabu na utendaji wa jiji, ambayo haigusi lalamiko la mtu mmoja lakini inaweza kukagua kamera zinawashwa mara ngapi, fidia zinazolipwa mahakamani ni kiasi gani kwa mwaka na zinatokana na vituo vipi. Na madiwani wanaweza kuipa kazi hiyo kwa azimio la kawaida bila kusubiri uchaguzi.